Noah, Pantoni na Boti: Ipogolo hadi Tamasha la Filamu Zanzibar kwa Gharama Nafuu

Dereva wa lori lililotoka Tunduma akiingia Ipogolo usiku haulizi bei ya gesti. Anaegesha pembeni, anavuta pazia nyuma ya kiti na kujifunika blanketi, maana baridi ya Iringa mwezi wa Juni haina mzaha. Alfajiri anakunywa chai na chapati kwa mama ntilie, kisha anaianza safari ya Kitonga. Kitanda anacho ndani ya gari, na asubuhi hakuna anayemdai.

Wapenda filamu wa Marekani wanaijua hesabu hiyo. Palm Springs, mji wa jangwani kusini mwa California, una tamasha la kimataifa la filamu lililoanzishwa na Sonny Bono, mwimbaji aliyekuwa meya wa mji huo. Hufanyika Januari, wakati ambapo watu wanaokimbia baridi ya kaskazini wamejaa mjini na vyumba vya hoteli vimepanda bei. Wenye magari yaliyofungwa vitanda na jiko huegesha kwenye viwanja vya kambi pembezoni, wakaingia mjini kutazama filamu na kurudi kulala kwao.

Mkazi wa Iringa au Mbeya analo tamasha lake, na halimlazimu kuvuka jangwa. Tamasha la Kimataifa la Filamu Zanzibar, linalojulikana kwa kifupi chake ZIFF na pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi, lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Ukumbi wake mashuhuri ni Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ndani yake kuna ukumbi wa wazi ambako watazamaji hukaa kwenye ngazi za mawe, skrini mbele yao na anga juu yao.

Tofauti kubwa na Palm Springs ni bahari. Gari la familia litafika Dar es Salaam bila shida, lakini mwenye bajeti ndogo hana sababu ya kulivusha. Safari hii basi ina vipande viwili: bara, ambako gari ndilo chumba, na visiwani, ambako kila kitu lazima kitoshe kwenye mkoba mmoja. Anayepanga vipande hivyo kila kimoja kwa hesabu yake huokoa fedha nyingi.

Tarehe kabla ya tiketi

Tarehe za ZIFF huhama. Mwaka 2023 tamasha lilianza 24 Juni na kumalizika 2 Julai. Mwaka 2024 lilifanyika 1 hadi 4 Agosti. Mwaka 2025 likarudi Juni, tarehe 25 hadi 29. Mwalimu aliyeomba ruhusa ya 2024 kwa kukumbuka tarehe za 2023 angefika Unguja na kukuta jukwaa tupu. Urefu nao umebadilika: siku tisa, kisha nne, kisha tano. Kwa hiyo tangazo rasmi la mwaka husika ndilo la kusubiriwa kabla ya kulipa senti popote.

Tarehe zikishajulikana, zilinganishwe na kalenda ya Dar es Salaam. Maonyesho ya Sabasaba hufanyika kuanzia 28 Juni hadi 13 Julai katika viwanja vya Barabara ya Kilwa. Tamasha likiangukia siku hizo, vyumba jijini huwa haba na foleni upande wa Temeke na Kurasini huongezeka. Juni ni mwezi wa likizo za shule pia, na mabasi ya Nyanda za Juu Kusini hujaa wanafunzi. Kuwahi wiki mbili kukata tiketi ya basi au kuulizia chumba Unguja si woga.

Gari au basi?

Wengi hudhani gari binafsi ni nafuu kwa sababu tu ni lao. Hesabu inasema hivyo kwa masharti.

Kutoka Ipogolo hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 500. Nauli elekezi zilizotangazwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, mwishoni mwa 2023 ni sh. 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita katika basi la daraja la kawaida, na sh. 67.84 daraja la kati. Hiyo ni kama sh. 24,000 au sh. 34,000 kwenda, na mara mbili yake kwenda na kurudi.

Upande wa pili iwekwe Toyota Noah inayokwenda kilomita 10 kwa lita. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya jijini, ni kama kilomita 1,060, yaani lita 106. Kwa makadirio ya sh. 3,000 kwa lita, mafuta ni sh. 318,000. Watu sita wakichanga, kila mmoja anatoa sh. 53,000. Watu watatu wakichanga, kila mmoja anatoa sh. 106,000, na hapo basi limeshinda kwa mbali. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo mweka hazina wa kundi arudie hesabu hiyo wiki ya safari.

Kwa watu sita, kwa hiyo, gharama ya gari haina tofauti kubwa na nauli ya basi. Faida ya gari iko kwenye usiku. Noah ikikunjwa viti vya nyuma na kutandikwa godoro jembamba inalaza wawili kwa raha, na wanne waliobaki wanalala kwenye mahema mawili yanayosafiri juu ya keria. Usiku wa kufika pwani na usiku wa kurudi, watu sita hawalipi vyumba vitatu.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha (RUCU) au Mkwawa wasio na gari wanaweza kukodi Hiace yenye kibali na dereva wake. Lililo hatari ni mwenye gari binafsi kuokota abiria wa kulipa njiani ili kupunguza gharama. Kuchangia mafuta kati ya marafiki ni jambo moja, kubeba abiria bila leseni ya LATRA ni kosa, na bima inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea.

Anayesafiri peke yake ana njia nyingine nzuri tangu 2024. Treni ya mwendokasi, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro 14 Juni mwaka huo kwa nauli ya sh. 13,000 daraja la kawaida. Basi la Iringa hadi Morogoro ni takriban kilomita 310, yaani kama sh. 15,000 kwa nauli elekezi. Jumla inazidi basi la moja kwa moja kwa shilingi elfu chache, lakini treni huikwepa foleni ya Chalinze hadi Kibaha na humshusha abiria katikati ya jiji, mahali anapoweza kutembea hadi bandari ya boti. Basi humwacha Kituo cha Magufuli, Mbezi, na kutoka hapo bado kuna safari nyingine ya kufika katikati ya jiji.

Wa Mbeya wana TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inayopita Makambako lakini si Iringa. Treni ya abiria ikiwepo, ni safari ya kufurahia kwa mwenye muda. Asiye na muda asiifunge na boti ya asubuhi inayofuata, maana treni hiyo huchelewa.

Kitonga, Mikumi na tochi

Kundi linaloondoka Ipogolo saa 11 alfajiri hupita Ilula kabla jua halijachomoza na kuteremka Kitonga kukipambazuka. Mteremko huo una takriban kilomita 10 za kona kali ubavuni mwa mlima, na malori yaliyoharibika huweza kuziba njia kwa saa nzima au zaidi. Gari lishuke kwa gia ndogo, breki ziguswe kwa vipindi badala ya kukanyagwa mfululizo, na kusiwe na kulipita gari jingine kwenye kona. Maji ya kunywa na ya rejeta yawe karibu, si chini ya mahema.

Baada ya Kitonga barabara hufuata bonde la Ruaha Mkuu lenye mibuyu mingi. Ruaha Mbuyuni ni mahali pa kunyoosha miguu na kununua vitunguu, ingawa mwenye akili huvinunua wakati wa kurudi. Mbele yake ni Mji wa Mikumi, kisha hifadhi yenyewe, ambayo barabara kuu huikata kwa takriban kilomita 50. Anayepita bila kutoka barabarani halipi kiingilio, na mara nyingi huona pundamilia, twiga na hata tembo bure. Vibao vya mwendo vizingatiwe. Faini ya kugonga tembo au twiga huhesabiwa kwa maelfu ya dola, na mabango ya njiani yanaitaja waziwazi.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku. Abiria wa basi anaweza kuutumia usiku huo kama chumba. Dereva wa Noah asiige: wanyama wa Mikumi huvuka gizani, malori yasiyo na taa za nyuma yapo, na usingizi wa saa tisa usiku haubembelezwi kwa redio. Akichoka, alale. Mikumi ina sehemu za kambi, na wanaotoka Mbeya wanaweza kulala Kisolanza, shamba la zamani lenye uwanja wa kambi kando ya barabara kuu kati ya Mafinga na Iringa. Pasipo kambi, ua wa gesti wenye mlinzi ni bora kuliko ukingo wa barabara.

Polisi na tochi zao za kupimia mwendo wako kwenye vijiji vingi, ambako kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Leseni, bima, mtungi wa zimamoto, pembetatu mbili na tairi la akiba vikaguliwe Ipogolo. Kuvitafuta mbele ya askari wa barabarani ni kujitakia.

Gari libaki Kigamboni

Wasafiri wa magari makubwa yanayozunguka Afrika wamekuwa wakiacha magari yao katika kambi za ufukweni Kigamboni, kama Mikadi na Kipepeo, wakavuka kwenda Zanzibar na mikoba tu. Kundi la Iringa linaweza kufanya vivyo hivyo. Simu ipigwe kabla kuuliza mambo matatu: bei ya hema, bei ya kuegesha gari wakati wenyewe hawapo, na nani anashika ufunguo wa geti usiku.

Kutoka Barabara ya Morogoro njia ya kufika huko ni kushika Barabara ya Mandela na kupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, ambalo magari hulipia. Asubuhi gari halina kazi tena: daladala hadi kivukoni, pantoni kwa nauli ya mia chache, kisha mwendo wa miguu kufuata ufukwe wa jiji hadi bandari ya boti.

Watu wa nyanda za juu husahau kitu kimoja: mbu. Aliyezoea dirisha wazi Iringa bila kung'atwa atajuta pwani. Chandarua cha gari na cha hema ni lazima, na vioo vifunguliwe kidogo ili hewa ipite. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya gari wala hema hata kama mvua inanyesha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Wapenda historia wapite Msasani kama muda upo. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilifungua huko sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, na familia zilikuja na vyakula na majamvi. Mahali hapo sasa ndipo ulipo Ubalozi wa Marekani.

Baharini

Boti za mwendo kasi huchukua takriban saa mbili. Kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni, kwani ndicho kinachompa Mtanzania nauli ya mwananchi, na wageni hutozwa kwa dola. Tiketi inunuliwe ofisi ya kampuni au kwa njia yake rasmi ya simu. Kijana anayemkimbilia msafiri getini akidai boti imejaa na yeye ana nafasi mbili za mwisho anatafuta kamisheni, au zaidi ya hapo.

Aliyealika rafiki kutoka nje ya nchi amkumbushe jambo moja: tangu Oktoba 2024 mgeni asiye mkazi anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Hiyo peke yake inatosha kuvuruga bajeti isiyoitarajia.

Juni hadi Agosti ni msimu wa kusi. Upepo huo hutoka kusini, kwa hiyo boti inayorudi Dar es Salaam huenda ikiyakabili mawimbi. Anayeugua bahari ale kidogo, akae sehemu ya chini karibu na nyuma, atazame mbali badala ya simu, na kama anatumia dawa ya kichefuchefu aimeze kabla ya kupanda.

Kulala na kula Unguja

Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na bei za vyumba vyake zinamtazama mtalii. Akitoka hatua chache kuelekea Ng'ambo, yaani Kikwajuni, Michenzani au Amaani, msafiri hukuta nyumba za wageni zinazotumiwa na wafanyabiashara wa bara. Kutoka Michenzani hadi Ngome Kongwe ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kupitia Darajani, na daladala zipo. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni kama geti hufungwa saa fulani, maana filamu ya mwisho ikichelewa, mlango uliofungwa ni hasara ya chumba kizima.

Mavazi ya heshima, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa, humrahisishia mtu kila kitu, kuanzia maelekezo ya njia hadi bei ya embe. Ijumaa mchana maduka mengi husimama kwa ajili ya sala, kwa hiyo vocha na maji vinunuliwe asubuhi.

Chakula kina saa zake. Mchana, hoteli za Mkunazini kama Lukmaan na mama ntilie wa Darajani hushibisha kwa wali, samaki na mchuzi. Jioni, Bustani ya Forodhani iko mbele kabisa ya Ngome Kongwe: urojo, mishkaki, pweza, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Samaki waliopangwa mezani kwa madaha wana bei ya watalii, na kila kitu kiulizwe bei kabla hakijawekwa kwenye moto. Bakuli la urojo na glasi ya juisi vinatosha kumfikisha mtu hadi mwisho wa filamu.

Kutazama kwa mpango

Kosa la kawaida la anayekwenda kwenye tamasha kwa mara ya kwanza ni kutaka kuona kila kitu. Filamu mbili kwa siku na mjadala mmoja na watengenezaji zinatosha, kwa sababu mijadala ndiyo isiyopatikana kwenye simu nyumbani. Ratiba ichukuliwe siku ya kwanza na kuwekwa alama: filamu za Afrika Mashariki kwanza, kwani nyingi hazitafika kwenye kumbi za Iringa, kisha filamu fupi, kisha zilizotoka mbali.

Matayarisho hayagharimu. Anayetaka kuuelewa mji kabla ya kufika asome riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'Kuvute, na aitafute filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana nayo, ambayo ilionyeshwa Toronto mwaka huo. Filamu ya awali ya Shivji, T-Junction, ndiyo iliyofungua ZIFF ya 2017.

Maonyesho ya bure pia yaulizwe. Miaka iliyopita tamasha limepeleka skrini vijijini Unguja na Pemba, na kutazama filamu katikati ya kijiji, watoto wakitoa maoni yao kwa sauti, ni elimu ya aina nyingine kwa anayesomea utangazaji. Tamasha limekuwa likitumia watu wa kujitolea vilevile, hivyo mwanafunzi aandike barua miezi kadhaa mapema.

Hesabu ya mwisho

Mfano huu ni wa kundi la watu sita, siku sita na usiku tano, na kila kiasi ni makadirio ya kupangia kwa mtu mmoja. Mafuta sh. 53,000. Boti kwenda na kurudi sh. 70,000. Kambi ya Kigamboni usiku mbili na mgawo wa maegesho sh. 40,000. Kitanda Unguja usiku tatu, chumba cha kushirikiana, sh. 60,000. Chakula sh. 15,000 kwa siku, jumla sh. 90,000. Viingilio na daladala sh. 30,000. Akiba sh. 50,000. Jumla ni sh. 393,000.

Penye kupunguza ni chakula cha njiani. Viazi vilivyochemshwa, karanga, ndizi na mtindi wa Iringa kutoka nyumbani huondoa milo miwili ya barabarani. Pasipofaa kupunguza ni akiba, kwa sababu kusi ikichafuka na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, boti huweza kuahirishwa. Kundi ambalo wanachama wake wanatakiwa kazini Jumatatu livuke kurudi bara Ijumaa badala ya Jumamosi, lilale Kigamboni, na lianze safari ya Iringa Jumamosi alfajiri kabla foleni ya Kibaha haijakaza. Hapo hata lori likikwama Kitonga, bado kuna Jumapili nzima ya kufika Ipogolo.